Jivu, dada, si pumba za kuku

Mbagala, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Mpendwa dada Zuhura,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Watoto hawajambo, mama anaendelea na dawa zake za mguu, na mvua ya jana imetuachia dimbwi mlangoni kama kawaida yake. Nimekaa kimya tangu arobaini ya Mzee Ally na ilinipasa nikuombe radhi kwa kirefu, lakini lori la kijana wa Shaibu linaondoka huko Ifakara Alhamisi, hivyo niruhusu niitaje shida yangu mapema: nahitaji magunia manne ya jivu la pumba za mpunga.

Usicheke kwanza. Unakikumbuka kile chumba cha uani ambacho bei ya saruji imekikwamisha kwenye msingi? Nilisoma kwamba jivu la pumba linaweza kushika nafasi ya sehemu ya saruji, nikachukua debe kadhaa kwenye tanuri moja la matofali, nikamwambia fundi Seleman achanganye theluthi nzima. Siku ya nne akalinyanyua tofali la kwanza, na pembe ikabaki mkononi mwake kama kashata iliyokosa sukari. Hakusema neno. Alilipanga lile tofali dirishani, na kila mgeni anayefika hapa huonyeshwa kabla ya kukaribishwa kiti. Mama naye anauliza tangu lini watu wakajenga kwa majivu ya jikoni. Nikimjibu kwamba wazee wa Kilwa walijenga kwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa kwa magogo, ananiambia wazee wa Kilwa walikuwa na subira.

Kuhusu subira amesema kweli, kwa maana kosa lilikuwa langu, wala halikuwa la jivu. Mpunga hufyonza silika, yaani madini yaliyomo pia kwenye mchanga, kutoka ardhini na kuilimbikiza kwenye ganda, na ganda likichomwa vizuri, zaidi ya asilimia 85 ya jivu lake huwa ni silika hiyo. Saruji inapokutana na maji huacha chokaa ambayo haina kazi kubwa, na silika ya jivu huikamata chokaa hiyo na kuunda gundi ya pili. Lakini moto ukizidi nyuzi 700 hivi, silika hugeuka fuwele na kuwa mvivu kama mchanga wa kawaida, na tanuri la matofali huwaka zaidi ya hapo. Isitoshe, jivu langu lilikuwa na weusi mwingi, yaani kaboni ambayo haikuungua, na weusi huo hunywa maji ya mchanganyiko kama ngamia. Halafu ile theluthi! Kwa kuanzia ilitosha sehemu moja kati ya kumi, tena iliyosagwa laini, na tofali limwagiliwe maji kwa wiki kadhaa, kwa kuwa nguvu ya jivu huja polepole.

Ndiyo maana nimekukumbuka wewe, na lile lima la pumba nyuma ya mashine ambalo tulikuwa tukiteleza juu yake kwa kipande cha boksi. Katika kila kilo 100 za mpunga, karibu kilo 20 ni pumba, na pumba hizo zikiungua hubakiza kama kilo nne za jivu. Kwa hiyo najua kwamba magunia manne si ombi dogo. Waambie vijana wachome kwenye marundo madogo, kwa sababu rundo kubwa hutunza joto tumboni kwa siku nyingi, na walitandaze mara tu linapokuwa kijivu cheupe. Yale meusi wawaachie wenye bustani. Na tafadhali simama nao mwenyewe, maana mara ya mwisho nilipoagiza kitu huko kwa maneno matupu, nililetewa pumba laini za kulishia kuku, na wakati huo sikuwa na kuku hata mmoja.

Ningeweza kununua saruji tu, kama Seleman anavyonikumbusha kila asubuhi. Lakini saruji hupikwa kwa nyuzi 1450 hivi, na ninapofikiria makaa na gesi inayoteketea huko, wakati pumba zetu zinachomwa kando ya barabara ili ziondoke tu machoni, nashindwa kulisahau lile tofali la dirishani. Nataka liondoke pale, dada. Nataka Seleman alitoe kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa nijibu: mwenye mashine bado ni yule yule, au mwanawe ameshika? Siku hizi pumba wanazitoa bure, au wachomaji matofali wamekwisha kuzipandisha bei? Mvua huko imekatika kiasi cha jivu kusafiri bila kulowa? Mguu wa shemeji umepona? Na magunia matupu nikutumie kwa Shaibu, au unayo?

Wako,
Mwanaidi