Jamani, vile vitundu vya behewa msizibe

Wiki iliyopita mteja kanipigia simu kwa hasira, eti nimempiga, kwoti ya kutengeneza ubavu mmoja wa behewa imezidi hela aliyonunulia behewa zima mnadani. Sawa kaka, lakini mnadani umeuziwa kwa bei ya chuma chakavu, huku kwangu unalipia mbao na mikono.

Ngoja nieleze. Haya mabehewa ya abiria ya reli yetu ya zamani, ile ya toka Mombasa kwenda bara, yenye upana wa mita moja (milimita 1000) kati ya vyuma vyake viwili, yale ya kale bodi ni mbao juu ya chesisi ya chuma. Dirisha lake linashuka, kioo kinazama ndani ya ukuta. Mvua ikipiga maji yanafuata kioo mpaka chini humo ukutani, ndo maana wakaacha vitundu pale chini yatoke. Sasa behewa likistaafu likageuzwa stoo, baadaye mgahawa, mwenye mali mpya anaona vitundu anasema panya watapita, anajaza silikoni. Masika mawili tu, nje rangi inang'aa, ukibonyeza bisibisi inazama mpaka kwenye mpini.

Huyu bwana wa simu alishapiga putii na rangi mara mbili kabla hajanitafuta. Nabandua mbao, kizingiti kimekuwa ugali, nguzo zinazobeba paa zimeoza futi nzima. Hapo hupachiki kipande, paa linaegemezwa kwanza kwa jeki, ndo nguzo ikatwe iungwe mpya, na skrubu ziwe za brasi maana za chuma zikishika kutu zinapasua mbao. Hiyo ndo bei mnayoipigia kelele.

Kuna lingine tulilipiga msasa, rangi juu ya rangi, chini kabisa tukakuta herufi EAR, yaani East African Railways, reli ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanzania, kwa hiyo lilikuwa kazini kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika 1977 na mabehewa kugawanywa nchi tatu. Vitundu vyote wazi. Tulibadilisha ubao mmoja, mwenyewe akalalamika mbona tumemaliza haraka hivyo!

Kama unalo, chukua spoku ya baiskeli uzibue vitundu leo, hiyo bure. Kuja kukagua nalipisha, ila nakata kwenye bili ukinipa kazi. Na wewe mzee wa silikoni, nguzo mbili zishakatwa, njoo uzione kwa macho yako kabla sijafunga ukuta.