Salamu za shukrani: Mama yetu amerudi Obunga

Kwa majirani wa Obunga, ndugu na jamaa wa pande zote, marafiki wa Kondele, Manyatta na Kibos, na nyote mliotuma chochote kwa simu ya mdogo wangu tangu tulipotoa ombi letu la mchango wa matibabu ya Mama: hamjambo nyote. Mama amerudi nyumbani. Jumapili iliyopita aliketi mlangoni kwenye kiti chake cha mbao, akapiga chafya, na sisi watoto tuliokuwepo tukasimama wote kumwangalia. "Mbona mnanitazama hivyo?" akauliza. Hakushika kisogo wala hakuuma leso. Ilikuwa chafya tu, ikapita.

Asiyejua alikotoka hataelewa kwa nini mimi, mtu mzima mwenye watoto wangu, nilitoka nje nikalia.

Kwa miaka minne Mama akikohoa, akicheka au akiinama kuinua karai, kichwa kilimpasuka upande wa nyuma, pale fuvu linapokutana na shingo. Maumivu yalikaa dakika moja au mbili, kisha yakaondoka, na kwa kuwa yaliondoka hatukuyahesabu kuwa ugonjwa. Alitibiwa malaria, akatibiwa taifodi, akaambiwa ni presha, akaambiwa ni baridi yabisi. Mahali pamoja, ambapo sitapataja, aliambiwa apunguze mawazo. Basi akaacha kucheka. Wateja walidhani amekuwa mkali, kumbe alikuwa anajikinga.

Mnajua kazi yake. Anakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani minofu ikishaondolewa, na kwa karai hilo ametusomesha sisi watano. Jioni moja mwezi wa Aprili alikuwa anageuza samaki huku anaongea na jirani yake, mkono wa kushoto ukaegemea ukingo wa karai. Jirani ndiye aliyesikia harufu. Alidhani ni samaki anaungua. Alipogeuka aliona ngozi ya kiganja cha Mama imeshikana na chuma, na Mama bado anaendelea na hadithi yake. Huyo jirani ndiye aliyemvuta mkono, akamwagia maji, na usiku huohuo akaja kwangu akaniambia bila kuzunguka: "Mkono wa mama yako hausikii moto. Hili si jambo la kungojea." Shukrani za kwanza za familia hii ni zako, jirani yetu. Wewe unajijua.

Siku zilizofuata yalisemwa mengi. Wako waliosema amerogwa. Shangazi yetu, kwa upendo kabisa, alihofia ukoma, akashauri tumpeleke Alupe kule Busia, ambako wagonjwa wa ukoma walitibiwa tangu zamani. Hatumlaumu, maana ganzi ya mikono na vidonda visivyouma ndivyo wazee wetu walivyoujua ukoma.

Aliyetufungua macho ni kijana mmoja, afisa wa kliniki katika zahanati ndogo, aliyekuwa anafunga kidonda tu. Angeweza kufunga bandeji akaita mwingine, maana foleni ilifika hadi nje. Badala yake aliuliza, "Mama, ulipoungua ulisikia nini?" Akajibiwa, "Sikusikia kitu." Akaweka bandeji chini. Akachukua chupa mbili ndogo, moja akaitia maji ya moto ya chupa ya chai, nyingine maji baridi, akamwambia Mama afumbe macho. Akazigusisha kwenye mikono, mabegani, na mgongoni juu. Mama akasema zote ni sawa. Akachukua pamba, akampapasa palepale: Mama akasema, "Hapo umenigusa." Akamwekea sarafu kiganjani: akaitaja kuwa ya shilingi kumi, macho yakiwa yamefumbwa. Yaani mguso upo, ila moto, baridi na uchungu havipo, na eneo lenyewe limekaa kama mtu aliyejitanda leso mabegani. Tena akatuonyesha jambo ambalo sisi tuliokula naye kila siku hatukuwa tumeliona: nyama ya kati ya kidole gumba na cha shahada imebonyea. "Tatizo haliko mkononi," akasema. "Liko shingoni. Mtafutieni MRI, ile picha ya sumaku inayoonyesha ndani ya ubongo na shingo." Kijana yule Mungu amzidishie. Mimi nasema wazi kwamba dakika kumi zake zilifanya kazi ambayo miaka minne ya kuzunguka haikufanya.

Wengi mmetuuliza ugonjwa wenyewe ni upi, na ni haki yenu kujua mlichochangia. Unaitwa Chiari, kwa jina la Hans Chiari, mtaalamu aliyeueleza mwaka 1891 akiwa Prague. Sehemu ya chini ya ubongo, ile ya kisogoni, inashuka na kupenya kwenye tundu la chini ya fuvu, kama kizibo. Kwa kawaida ikishuka kupita milimita 5 madaktari huanza kuitilia maanani. Ya Mama ilikuwa imeshuka milimita 12. Maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo yanakosa njia. Ukikohoa au ukicheka, msukumo unapanda na hauna pa kutokea, ndipo kichwa kinapasuka. Na polepole maji hayo yakajitengenezea mfereji katikati ya uzi wa neva ndani ya shingo yake. Hali hiyo ya pili inaitwa siringomielia. Nyuzi zinazopeleka habari za moto na uchungu hukatiza katikati ya uzi huo, kwa hiyo ndizo zinazoharibiwa kwanza. Zile za mguso hupanda kwa upande wa nyuma, zikasalimika. Ndiyo maana Mama aliweza kuhesabu chenji gizani na asijue kiganja kinaungua.

Safari ya Eldoret, tulikompeleka kwa upasuaji, sitaisahau. Tulipita Chavakali na Kapsabet, na kila tuta Mama alishika kisogo kwa mikono miwili. Dereva wa matatu, ambaye hatukumjua, alipoambiwa mgonjwa ana nini alipunguza mwendo njia nzima, na abiria hata mmoja hakunung'unika. Ninyi pia tunawashukuru, popote mlipo.

Upasuaji ulichukua saa nne na ushee. Daktari alitueleza mapema, kwa Kiswahili, kwa subira, akituchorea kwenye karatasi: wataondoa kipande cha mfupa kisogoni pamoja na nyuma ya pingili ya kwanza ya shingo, wafungue utando, kisha washone kiraka ili utando uwe mpana. Mama, ambaye zamani alishona nguo, alimwuliza, "Kama gauni lililobana, unaongeza kitambaa ubavuni?" Daktari akasema ndivyo hasa. Nadhani hapo ndipo hofu ilimtoka. Kwa madaktari wa upasuaji wa ubongo, wauguzi wa zamu ya usiku waliomgeuza kila baada ya saa chache, na mama wa usafi aliyemletea uji kutoka kwake siku ya tatu, asanteni sana.

Mchango wenu ulifika shilingi 438,650. SHA, bima ya afya ya serikali, ililipa sehemu yake. Zenu zililipa iliyobaki, picha ya MRI, dawa, nauli na malazi yetu. Hesabu yote, pamoja na stakabadhi, iko kwa mweka hazina wa kamati, na yeyote aliyetuma hata shilingi 20 anakaribishwa kuiona. Akina mama wa kanisa, waumini wa msikiti walioturuhusu kusimama baada ya swala ya Ijumaa, chama cha wakaanga samaki, vijana wa boda boda waliokwenda kutoa damu pale Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapa Kisumu, kabla hatujaomba, walimu wenzangu: tumeandika kwa Kiswahili ili kila mmoja wenu asome mwenyewe. Mlikuwa Wajaluo, Waluhya, Wakisii, Wanubi na Wahindi, na wengine hatukuwajua kabla ya siku ile.

Tuwe wakweli pia kuhusu alivyo sasa. Maumivu ya kichwa yameisha. Ganzi ya mikono haijaisha, na daktari alituambia tangu mwanzo kwamba huenda isiishe. Kazi ya upasuaji ilikuwa kuzuia isiendelee kumla. Atapigwa picha nyingine baada ya miezi kadhaa kuona kama mfereji ule unapungua. Kukaanga hatakaanga tena. Binti yetu mdogo ameshika karai, na Mama anakaa pembeni kuuza. Tafadhali mkija kumwona msimpe kikombe cha chai ya moto mkononi. Wekeni mezani kwanza, ipoe.

Katika mfuko zilibaki shilingi 31,200. Wodini Mama alilala karibu na mama mmoja wa Bungoma aliyekuja kumwuguza dada yake, na ambaye mwanawe mwenyewe, wa miezi mitano, ana maji kichwani na kichwa kinazidi kukua. Alikuwa ameelekezwa Mbale, Uganda, kwenye hospitali ya watoto ya CURE, ila nauli na matumizi vilimshinda. Mama aliomba salio liende huko. Kamati ilikaa Jumatano, ikakubali bila mtu kupinga. Tunawaomba radhi ambao hatukuwafikia kuwauliza kwanza. Leo saa mbili asubuhi mama huyo wa Bungoma ameandika kutoka Malaba kwamba wamevuka mpaka na mtoto amenyonya.

Kwa niaba ya familia,
Mtoto wake wa kwanza,
Obunga, Kisumu