Kabla hujaongeza dozi ya mukombero

Nekesa mpendwa,

Salamu nyingi, na Mwalimu anakusalimu. Nisamehe kimya. Barua yako imenitia wasiwasi pale unaposema utapandisha dozi ya mukombero, ule mzizi wa kuongeza hamu, kutoka miligramu 400 hadi 800 kwa kilo ya uzito wa panya, eti kwa sababu panya madume hawapandi majike. Tafadhali, usipandishe bado. Anza na majike.

Panya jike huwa kwenye joto, yaani tayari kupandwa, kwa muda mfupi tu katika mzunguko wa siku 4 au 5. Nje ya hapo humpiga dume teke na kumkimbia, nanyi mtaandika kwamba dawa haifanyi kazi. Majike watolewe ovari, wapone wiki 2, kisha wadungwe chini ya ngozi homoni mbili za kike: estradioli benzoeti mikrogramu 10 kwa kila gramu 100 za uzito, saa 48 kabla ya jaribio, na projesteroni mikrogramu 500 kwa gramu 100, saa 6 kabla. Zote ziwe kwenye mafuta, majini haziyeyuki. Halafu mjaribu kila jike kwa dume asiyehesabiwa kwenye matokeo: akibonyeza mgongo na kuinua makalio, anafaa.

Madume wawe wale waliokwisha kupanda. Wazoezeni kulishwa maji kwa sindano ya mdomo siku kadhaa kabla, maana panya anayeshikwa kwa mara ya kwanza siku ya jaribio hujaa hofu, na hofu huua hamu. Mchana na taa nyeupe si wakati wao; tumieni taa nyekundu hafifu, dume azoee kizimba dakika 10 peke yake ndipo jike aingie. Kila jozi ikitoka, futeni kwa alkoholi ya asilimia 70, harufu ya dume aliyetangulia isimvuruge anayefuata.

Na huo mzizi wenyewe! Kakamega watu huutafuna mbichi. Mkiuchemsha muda mrefu, ile harufu ya vanila hupaa na mvuke, na mnachopima si kile watu wanachotafuna. Lakini hilo lije baada ya majike.

Niambie: majike walipewa homoni au walitolewa tu kizimbani? Mizizi mliikausha kivulini? Aliyehesabu mipando alijua nani kanywa dawa na nani kanywa maji? Kundi la sildenafili (Viagra), la kulinganishia, nalo halikupanda? Kama nalo halikupanda, jibu unalo tayari: kosa liko kwenye jaribio, si kwenye dozi. Na goti la Mama linaendeleaje?

Wako,
Atieno