Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mabanda Yetu na Majirani Zetu

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Kwa niaba ya kamati nawashukuru kwa kufika na kwa michango yenu ya mwaka mzima. Hesabu atazisoma mweka hazina baada yangu. Bei ya chakula cha kuku kila mmoja anakutana nayo dukani, kwa hiyo sitaigusa. Nataka muda wangu wote niutumie kwa jambo lililotushughulisha kuliko mengine yote mwaka huu, nalo ni malalamiko ya majirani.

Niseme msimamo wangu mapema. Jirani anayelalamika si adui wa ufugaji. Viwanja vyetu vingi ni vya 20 kwa 20. Nyumba imekaa katikati, banda limesukumwa nyuma mpaka ukutani, na upande wa pili wa ukuta huo ndipo lilipo dirisha la chumba wanacholala watoto wa mwenzako. Mayai tunauza sisi, harufu na inzi anabaki navyo yeye. Ndiyo maana kamati ilipopokea malalamiko haikuanza kuuliza nani kasema. Tulibisha hodi kwa jirani, tukaomba ruhusa, tukasimama kwenye dirisha lake na kuliangalia banda kutokea huko. Wanachama waliofuatana nasi wanajua tulichokiona na tulichokinusa. Baada ya hapo hakuna aliyebishana.

Malalamiko mengi yalikuja wakati wa masika, na karibu yote yalihusu harufu. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana bado kuna wenzetu wanaoamini kwamba kuku lazima wanuke. Banda kavu halisumbui mtu. Kinyesi kikilowa ndipo bakteria wanapokivunja na kutoa amonia, ile hewa inayowasha macho unapofungua mlango asubuhi. Kwa hiyo tunachopambana nacho ni maji, na kila tulipokwenda tuliyakuta yanaingia kwa njia zilezile: chombo cha kunyweshea kimewekwa chini mno, kuku wanakikanyaga na kukimwaga, paa halikutokeza vya kutosha, mvua ikipigwa na upepo inaingia ndani, sakafu iko chini kuliko uwanja, maji ya nje yanatiririkia kwa kuku.

Dawa yake si ya gharama. Inua chombo cha maji mpaka mdomo wake ulingane na mgongo wa kuku. Ongeza kipande cha bati upande unaopigwa na mvua. Pandisha sakafu kwa kifusi kabla ya kumwaga zege. Na kila wiki fanya jaribio hili: chota kwa kiganja maranda ya mbao yaliyotandikwa sakafuni, yaminye, kisha fungua mkono. Yakisambaratika, uko salama. Yakibaki donge, yatoe siku hiyohiyo na uweke mengine makavu. Msikimbilie kumwaga chokaa juu ya maranda yaliyolowa. Tumeliona hilo kwenye mabanda kadhaa, na matokeo yake ni kwamba amonia hutoka kwa wingi zaidi. Kwanza ondoa, kausha, kisha tandika upya.

Maranda yanayotolewa nayo yasirundikwe ukutani kwa mwenzako. Lundo lifunikwe kwa turubai likae wiki kadhaa lioze, ndipo liende bustanini. Mbolea mbichi ya kuku huunguza mchicha. Majirani wenye bustani wanaihitaji sana mbolea iliyoiva, na mwaka huu baadhi yenu mmeanza kuwagawia bure. Nimefurahi kuona hivyo.

Kuhusu zawadi, kuna mjadala uliopita ndani ya kamati na naona ni haki muusikie. Wapo waliopendekeza kila mwanachama apeleke trei la mayai kwa majirani wake kila sikukuu, na suala liishe. Mimi sikukubali liwe azimio. Kumpa jirani mayai ni jambo jema na utamaduni wetu, lakini ukimpa huku banda linanuka unamziba mdomo. Atapokea kwa sababu ana adabu, atakaa kimya kwa sababu kala mayai yako, na pua yake itaendelea kuteseka. Tengeneza banda kwanza. Mayai yafuate kwa moyo.

Jogoo. Hapa tulikuwa na kesi nzito mpaka zikafika kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Jirani anafanya kazi zamu ya usiku, au ana mtoto mchanga, na jogoo wako watano wanaitikiana kuanzia saa tisa usiku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo huwika kwa kufuata saa iliyo ndani ya mwili wake. Hata akiwekwa mahali penye mwanga hafifu usiobadilika, bado anajua kunakaribia kupambazuka. Mwaka 2015 wakaonyesha kwamba katika kundi, jogoo mwenye cheo cha juu ndiye huanza, na wengine humfuata kwa utaratibu wa ukubwa. Maana yake kwetu ni kwamba kumfunika hakutamsahaulisha alfajiri. Giza husaidia asishtuliwe na taa za magari, na dari fupi humnyima nafasi ya kunyoosha shingo, lakini dawa hasa ni kupunguza idadi.

Na idadi inapunguzika. Tetea hutaga bila jogoo. Jogoo anahitajika tu unapotaka mayai ya kuatamiza. Anayefuga kuku wa mayai hana haja naye hata mmoja. Anayefuga chotara au kienyeji auze majogoo mapema, wanapoanza tu kujifunza kuwika, na abaki na yule wa mbegu. Wanachama wenye viwanja vikubwa kule pembezoni wamekubali kutunza majogoo wa mbegu kwa niaba ya wenzao wa huku kwenye msongamano. Nawashukuru sana kwa hilo.

Sasa nije kwenye jambo lililonipa matumaini makubwa. Mdondo, ule ugonjwa wa virusi unaoua kuku, hauheshimu ukuta. Kuku wa jirani asiye mwanachama akiugua, akaanza kuharisha kijani na kupinda shingo, virusi vitakufikia kwa kiatu, kwa trei la mayai, au kwa mzoga uliotupwa mtaroni. Tiba hakuna, kinga ipo. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, hustahimili joto kuliko chanjo nyingi za mdondo na hutolewa kwa tone moja jichoni, kisha hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Lakini kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja, na kikishafunguliwa hakikai. Tulikuwa tunamwaga dawa iliyobaki huku kuku wa nyumba ya tatu hawajachanjwa.

Mwaka huu tukabadilisha. Siku ya chanjo tunapita nyumba kwa nyumba, mwanachama na asiye mwanachama, hata mwenye tetea wawili chini ya mwembe. Kuna mama mmoja aliyewahi kutushtaki ofisi ya mtaa kwa sababu ya inzi. Alitoka na kuku wake kwenye tenga, akawashika mmoja mmoja huku afisa mifugo wa kata akidondosha chanjo. Leo akiona kuku amezubaa mtaani, yeye ndiye wa kwanza kutupigia simu.

Mengine kwa ufupi. Chakula kiwekwe kwenye mapipa yenye mifuniko, maana panya wakizidi nyoka hufuata, na hofu ya majirani juu ya nyoka ni ya haki. Jiko la mkaa kwenye bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga, lizungushiwe matofali, lisikae karibu na maranda wala turubai, na hewa iwe na pa kutokea. Mzoga uzikwe shimo refu au uchomwe. Anayetaka kujenga banda jipya amwone kwanza afisa mifugo aulize sheria ndogo za halmashauri. Na tukumbuke kwamba Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa bwana afya uwezo wa kuagiza kero iondolewe. Barua yake ikifika, usimfiche mwenyekiti wako. Tuletee tukusaidie kuitekeleza ndani ya muda.

Kamati inaleta kwenu maazimio mawili ya kupigiwa kura leo: mwanachama mpya asipokelewe kabla banda lake halijakaguliwa kutokea upande wa jirani, na sehemu ya ada ya mwaka itengwe kununua chanjo kwa ajili ya kuku wa majirani wasio wanachama. La pili najua litazua mjadala, na mimi naliunga mkono kikamilifu.

Wajumbe wa kila eneo walete orodha ya nyumba zenye kuku kabla ya chanjo ijayo ili tujue vichupa vya kuagiza. Namkaribisha mweka hazina asome hesabu.

Mwenyekiti