Demo za stataapu, waiteni na wateja

Mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini. Juzi nilienda usiku wa demo wa stataapu, yaani kampuni changa za teknolojia, hapa Dar, vijana wanapanda jukwaani wanaonyesha mifumo yao, baadae watu wanabadilishana namba, na kusema ukweli vipaji tunavyo. Kuna binti ametengeneza mfumo wa hesabu kwa wauza samaki wa Feri, akabonyeza nyota, namba na reli kwenye simu ya kitochi mbele yetu, menyu ikafunguka, akaingiza mauzo ya ndoo mbili za dagaa na meseji ya hesabu ikaingia palepale, ukumbi wote makofi.

Sasa kinachoniuma, wauza samaki wenyewe hakuwepo hata mmoja. Tumejaa watu wa kompyuta, wanafunzi na wawekezaji, tunajadili soko la watu ambao hatujawaita. M-Pesa ilianza Kenya 2007 ikaja kwetu 2008, haikubebwa na app kali, ilibebwa na menyu ya kwenye laini na mawakala wa mtaani, mwenye kitochi naye akaingia.

Waandaaji nawaomba sana, waiteni mama lishe, bodaboda na akina Mangi wa madukani, anzeni saa kumi jioni ili mtu wa Mbagala apate daladala ya kurudi, na maswali waanze wao. Wangemuuliza yule binti muuzaji anabonyezaje simu mikono imelowa maji ya samaki, maana pale ukumbini hakuna aliyeuliza.

Msomaji wenu,
Kinondoni, Dar es Salaam