Barua kwa mwanangu anayekwenda kuanza kazi

Mwanangu mpendwa,

Programu ya Java uliyonitumia nimeisoma yote mara mbili, na mara ya pili niliisoma usiku, kwa kuwa mstari mmoja ulininyima usingizi. Jumatatu unaanza kazi, na mstari huo ukienda nao huko utakuumbua mbele ya watu wasiokujua. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, kwa sababu kwenye simu huwa unaitikia kabla sijamaliza.

Mstari wenyewe umo ndani ya `main`, methodi (kifungu cha amri) ambayo programu huanzia:

`Akaunti.Muamala m = new Akaunti().new Muamala();`

Najua ulivyofika hapo. Kwanza uliandika `new Muamala()` peke yake, kompaila, ile inayotafsiri programu kwa ajili ya mashine, ikakataa, ikakuambia kwamba `this`, yaani kitu chenyewe ambacho methodi inakifanyia kazi, haiwezi kutajwa mahali palipo `static`, yaani pasipofungwa kwa kitu chochote, nawe ukatafuta njia ya kuinyamazisha. Imenyamaza kweli, lakini swali lake hukulijibu. Ilikuwa inakuuliza muamala huu ni wa akaunti ipi. Klasi ni kiolezo cha kuundia vitu, na `Muamala` ni klasi iliyoandikwa ndani ya klasi ya `Akaunti`. Kitu cha klasi ya ndani isiyo `static` hakiwezi kuundwa bila mwenyewe, yaani kitu cha klasi ya nje. Kila `Muamala` huzaliwa umeshikamana na `Akaunti` moja, na ndiyo sababu ukiwa ndani ya methodi ya kawaida ya `Akaunti` unaandika `new Muamala()` tu na mambo yanakwenda, maana `this` ipo na ndiyo mwenyewe. Katika `main` hakuna `this`, kwa hiyo mwenyewe sharti umtaje.

Na ulikuwa naye! Akaunti ya mteja umeiunda mistari mitatu juu yake, ukaiita `akaunti`. Ulipaswa kuandika `akaunti.new Muamala()`. Badala yake umeunda akaunti nyingine, tupu, isiyo na jina, ukaufunga muamala kwake. Salio linalobadilika ni la akaunti hiyo ambayo hakuna atakayeiangalia, na la mteja linabaki vilevile. Programu haitoi kosa lolote, na hilo ndilo linaloniogopesha. Kama `akaunti` ingekuwa `null`, yaani haielekezi kwa kitu chochote, ungepata kosa la `NullPointerException` palepale, na ningelala vizuri, kwa sababu kosa linalopiga kelele hutafutwa.

Karatasi niliyokuandikia mstari wa namna hii usiku ule kabla ya mtihani wako unaikumbuka. Nilikuwa na kazi yangu ya kumaliza, nikakuambia unakili hivyo hivyo, itapita, nayo ikapita. Mtindo huu wa kuweka nukta kabla ya `new` ulikuja na Java 1.1 mwaka 1997, na mimi miaka mingi niliukwepa kuliko kuuelewa. Lakini sasa wewe ni mtu mzima, na kunakili nilichoandika nikiwa na haraka si sababu utakayompa msimamizi wako.

Sehemu ya kusoma faili umeiandika vizuri kuliko ambavyo ningeiandika mimi, nami nimemwonyesha baba yako ingawa hakuelewa. Ila klasi yake ya `Msomaji`, ingawa imo ndani ya `Akaunti`, haigusi chochote chake, kwa hiyo iwekee `static`, uiunde kwa `new Akaunti.Msomaji()`, isibebe mwenyewe isiyemhitaji. Kiungo hicho kilichofichika kati ya kitu na mwenyewe huweza kuizuia akaunti nzima isiondolewe kwenye kumbukumbu. Tangu Java 18 kompaila huacha kukihifadhi mara nyingi kisipotumika, lakini usiiachie kompaila uamuzi ambao ni wako. Wala usije ukaibandika `static` kwenye `Muamala` ili tu `main` ikubali, kwa maana hapo hautaliona tena salio mpaka uukabidhi akaunti kwa mkono. Kwa maoni yangu, afadhali `Akaunti` iwe na methodi yake ya kuanzisha muamala, ili aliye nje asipate nafasi ya kuufunga muamala kwa akaunti isiyo yake.

Mdogo wako amehamia kwenye kompyuta yako ya zamani. Jana alitaka kufuta faili zenye alama ya dola katikati, kama `Akaunti$Muamala.class`, akidhani ni takataka. Nilimzuia, nikamweleza kuwa ndivyo kompaila inavyozihifadhi klasi za ndani. Chaja yake umeondoka nayo, irudishe utakapokuja, na chumba chako nimekifunga ili vitabu visiguswe.

Narudi kwenye mstari ule. Kabla ya Jumatatu unda akaunti mbili, fanya muamala kwenye moja, uchapishe salio la zote mbili, kisha unitumie matokeo hata kama ni usiku wa manane. Nitakuwa macho.

Mama yako