Risala ya kikundi cha wachangia damu kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, meza kuu, wazazi wetu na wachangiaji wenzetu, shikamooni. Asante sana kwa kuja, tunajua ratiba yako imebana.

Mheshimiwa, leo tunasemea chembe sahani, wale wa maabara wanaziita pleteleti, ndo zinaziba kidonda damu isiendelee kutoka. Watu wengi ukiwatajia kutunza damu wanajua friji basi, na kwa chembe nyekundu ni sawa kabisa, zinakaa nyuzi 2 mpaka 6 wiki kadhaa. Ila pleteleti hapana, zenyewe zinataka nyuzi 20 mpaka 24 muda wote, alafu zilale kwenye mashine inayozitikisa taratibu usiku na mchana ili hewa ipite vizuri kwenye mfuko. Mwaka 1969 watafiti Murphy na Gardner kule Marekani walionyesha kwamba zilizokaa nyuzi 4 zikiingia mwilini zinapotea haraka sana kuliko zilizokaa nyuzi 22. Baridi inaziharibia umbo, zinaacha kuwa bapa zinakuwa mviringo zenye miiba, ini likizikuta linaziondoa. Kwa hiyo mtoto wa saratani ya damu anaongezewa zilizokaa baridi leo, baada ya siku moja mbili namba ya pleteleti imeshashuka tena, na mchangiaji alishatoa, inauma kwa kweli!

Mtaalamu akiinua mfuko kwenye mwanga akauchezesha kidogo, zikiwa nzima anaona kama moshi unazunguka mle ndani. Zikiwa zimeharibika haoni kitu.

Shida ni kwamba joto hilohilo la nyuzi 20 mpaka 24 bakteria nao wanalipenda, ndo maana muda wake ni siku 5, au 7 kukiwa na vipimo vya ziada. Marekani tangu 2023 wameruhusu za baridi mpaka siku 14, ila ni kwa mgonjwa anayevuja damu na zile za kawaida hazipatikani, sio za kumkinga mgonjwa wa saratani.

Sasa mheshimiwa ombi letu. Huku pwani mchana joto linapita nyuzi 30 kirahisi na umeme unakatika, kiyoyozi kikizima na mashine ikasimama mifuko inaharibika bila mtu kujua. Tunaomba utusaidie kupata betri ya akiba ya mashine na kiyoyozi, kipimajoto chenye alamu, na deli la peke yake la kusafirishia pleteleti lisilowekwa barafu, maana zikichanganywa deli moja na damu nyekundu zimeshaharibika kabla hazijafika wodini.

Naomba kuwasilisha.